Mlango wa Karatasi Nilioutoboa Mimi

Mwanangu Riziki,

Nakusalimu kama mtu aliyekwisha kufika mbali, ingawa saa hii ninapoandika nguo zako bado ziko kwenye kamba hapo nje na viatu vyako viko mlangoni, kimoja kimelala ubavu. Barua hii nitaitia kwenye mfuko wa ndani wa begi, chini ya kanga, uikute ukiwa njiani au umeshafika huko Cape Town. Kwa hiyo iache iwe na salamu zake zote kama barua za watu.

Baba yako hajambo, anakusalimu sana. Leo amerudi mapema kutoka ghalani Mobeni, anasema mizigo imekwisha mapema. Mimi najua ameomba ruhusa. Amekaa hapo kwenye kiti analifunga begi lako kamba kwa mara ya tatu, anafungua, anafunga tena, na hataki mtu aliguse. Mdogo wako Mwajuma hajambo. Jana amehamia upande wako wa kitanda kwa maringo, na jana hiyo hiyo amelia kwamba upande huo una baridi. Mama Odile jirani hajambo, anakusalimu, na Odile ameota jino la pili, anauma kila kidole anachokipata. Bibi yako kule Ujiji, kwa barua yake ya mwisho, hajambo ila miguu, na anauliza kama Durban bado iko au bahari imeichukua. Shangazi zako wote salama. Hata yule paka asiye na mwenyewe, uliyemkataza Mwajuma asimpe maziwa, yuko hapa mlangoni ananiangalia. Na mimi mama yako sijambo kwa mwili.

Wewe umetoka na Mwajuma kwenda kuaga marafiki zako kule karibu na stendi ya teksi, ndiyo nimepata nafasi. Utaniwia radhi kwa mwandiko. Unajua niliishia darasa la tatu, na barua zote za nyumbani ulikuwa unaniandikia wewe, mimi nikisema huku nachambua mboga. Hii siwezi kukuambia uniandikie. Nimenunua daftari zima kwa ajili yake na nimeshachana karatasi nne.

Sitakuandikia habari za sweta, wala za kutotembea peke yako, wala za kula. Hayo nimekuambia wiki nzima mpaka umeanza kuyasema mwenyewe kabla sijafungua mdomo. Nataka kukuandikia habari za ule mlango wa karatasi wa Madamu Sachiko kule Bluff. Najua ukisoma hapo utakunja uso. Usiifunge barua.

Ulikuwa na miaka kumi na sita. Tulikuwa tumefika Durban mwaka mmoja tu, na mimi nilikuwa nimepata kazi kwa wale Wajapani, mume ni fundi mkubwa wa mashine kiwandani, mke yuko nyumbani. Siku za kazi nilikwenda peke yangu, na Jumamosi tulikwenda pamoja, teksi mbili kwenda na teksi mbili kurudi. Unakumbuka teksi zile, daladala za huku? Hapa kila mahali unakokwenda pana alama yake ya kidole ya kusimamishia teksi, na mimi nilikuwa nainua kidole kisicho chenyewe, inasimama teksi ya kwenda kwingine kabisa, dereva ananitukana kwa Kizulu. Wewe ulikuwa unacheka mpaka unakaa chini kwenye vumbi. Ukifika nyumbani unamwonyesha baba yako: "Mama leo ametaka kutupeleka Pietermaritzburg kwa kidole kimoja." Ulikuwa unaniiga mbele ya watu, na mimi nakufukuza na mwiko. Nyumba nzima ilikuwa na kelele zako.

Madamu alikupenda. Ile cherehani yake nyeupe, aliyokuja nayo kutoka kwao, hakumruhusu hata mumewe kuisogeza, lakini wewe alikukalisha. Mimi nafua, ninyi mnashona. Alikuwa anakuonyesha kwa mikono kuliko kwa maneno, na wewe ulikuwa unashika haraka. Akasema yuko mwanamke mmoja mjini mwenye karakana ya nguo za harusi, rafiki yake, na mwaka ukigeuka atakupeleka huko ukajifunze kazi. Siku ile hukulala. Ulinieleza habari za mishono mpaka baba yako akagonga ukuta.

Sasa mlango. Wale walikuwa wameweka ndani, kati ya sebule na chumba cha wageni, milango miwili ya kwao. Fremu ya mbao nyepesi, ndani yake vijiti vyembamba vimepishana kama wavu, na juu ya vijiti karatasi nyeupe, karatasi kweli, siyo kitambaa. Inateleza kwenye mfereji mdogo wa mbao, haina bawaba. Jua la asubuhi likipiga upande wa pili, chumba chote kinakuwa na mwanga kama wa maziwa. Mimi siku ya kwanza niliogopa hata kupumua karibu yake. Nikajiuliza, watu wenye pesa hivi, mlango wa karatasi?

Wakaenda kwao likizo wiki tatu, wakaniachia funguo. Nilijiona mkubwa. Jumatatu ya kwanza nikasema nitawasafishia mpaka dari. Nimepanda kwenye stuli, nimeshika fagio refu, natoa utando wa buibui, nikageuka. Mpini wa fagio ukaingia kwenye karatasi, pu, kama unatoboa ngozi ya maziwa yaliyochemka. Tundu la kupitisha ngumi.

Nilikaa chini. Nikaliangalia tundu lile muda mrefu, nalo kama linaniangalia. Pale pale, mwanangu, ndipo ningeweza kuacha. Tundu moja tu, kosa la fagio, mtu yeyote angelielewa. Lakini mimi nilijisemea: ni karatasi, Zuhura, karatasi itakushinda?

Kwanza nikabandika selotepu kwa nyuma. Ukisimama karibu huoni kitu. Jua lilipokuja, ile selotepu ikatokea nyeusi kama kidonda. Nikaibandua, ikaondoka na karatasi, tundu likawa mawili. Siku ya pili nikaja na karatasi nyeupe niliyonunua kwenye duka la Mhindi hapa Isipingo, nikakata mraba sawasawa na nafasi kati ya vijiti, nikabandika vizuri kabisa. Nikarudi nyuma kuangalia. Kumbe ile karatasi ya zamani ilikuwa imeshaungua jua, imekuwa rangi ya chai ya maziwa, na kipande changu kimekaa pale katikati cheupe kama jino la bandia.

Nikasema basi, nitabadilisha mlango mzima. Kuutoa tu kulinichukua asubuhi yote. Nimevuta, nimesukuma, nimeusemesha. Mwisho nikagundua unainuliwa juu kwanza ndipo unatoka chini, na ulipotoka uliniangukia usoni. Nikaanza kuchana karatasi ya zamani kavu kavu. Kipande kinatoka, kipande kinabaki, kwenye kila kijiti kumebaki utando umeng'ang'ania. Nikachukua kisu cha jikoni kukwangua. Kijiti kimoja kikakatika. Nililia, Riziki. Mtu mzima nimekaa kwenye sakafu ya watu nalia kwa ajili ya kijiti kisichofika hata unene wa penseli.

Jioni ile nikamweleza Mama Odile. Unamjua, kwake hakuna kisichowezekana. Akanicheka. "Mama Riziki, iko shida gani? Ile ni karatasi tu. Si hata kwenu mulikuwa munabandika gazeti ku ukuta? Fanya kole ya muhogo, ya kubandikia, inaisha."

Na kweli, kwetu Ujiji nyumba yetu ya udongo mama yangu aliibandika magazeti chumba kizima, kwa uji wa unga wa muhogo, na magazeti yale yalikaa mpaka mimi naolewa. Mimi mwenyewe nilikuwa nashika sufuria. Nikaona kumbe kazi hii naijua tangu utoto, nilikuwa nahangaika bure. Nikanunua unga wa muhogo kwa Wakongo, nikapika uji mzito, nikatia na chumvi kidogo, maana mama alikuwa anatia chumvi. Nikaupaka kwa mkono. Nikaupaka kama naupaka ukuta wa udongo, ambao unakunywa. Mbao ya Wajapani haikunywa kitu.

Jumamosi tulipokwenda pamoja ndipo ulipouona. Karatasi ilikuwa imelegea hapa, imevutika pale, imekunjamana kama shingo ya bibi. Fremu imepinda, mlango unaingia kwenye mfereji wake nusu na unakataa. Mabonge ya muhogo, jua likipita, unayahesabu moja moja. Na ile harufu! Nyumba imefungwa, joto la Durban na unyevu wake, muhogo umechacha. Pembeni madoa meusi ya koga yameanza. Wewe ulisimama, ukaziba pua, ukasema, "Mama, umeunywesha uji mlango wa watu." Ukacheka mpaka ukashika ukuta. Na mimi nikacheka, sikutaka lakini nikacheka. Hicho ndicho kicheko chetu cha mwisho cha namna ile. Ningejua ningecheka polepole.

Halafu ukaniambia, "Wakirudi nitamwambia Madamu ilivyokuwa. Atacheka, utaona." Nami nikakukatalia. Nilikuambia watu hawa hawachezi na vitu vyao, kazi itakwenda, baba yako wakati ule alikuwa hajapata kazi ya ghalani, tutakula nini. Nikakuambia tutasema tulikuta hivyo, labda ni maji ya mvua. Ukaniuliza, mvua inapika uji? Nikakufokea. Nilikufokea kwa sababu ulikuwa na haki.

Wakarudi. Jumamosi ile Madamu alitufungulia mwenyewe, akatupa zawadi za kwao, wewe visanduku vya uzi wa rangi zote. Kisha akatupeleka mbele ya mlango. Hakupaza sauti. Aliuliza kwa Kiingereza, taratibu, akiniangalia mimi. Wewe ukanitafsiria: anauliza mlango umepatwa na nini. Nami nikakujibu kwa Kiswahili, na macho yangu yako chini, "Mwambie sijui. Mwambie nilikuta hivyo."

Mume wa Madamu alikuwa amekuja kusimama nyuma yake. Ukaniangalia mara moja, halafu ukamgeukia Madamu ukasema kwa Kiingereza: ni mimi.

Sasa, Riziki, ndiyo maana nimechana karatasi nne.

Mimi nilielewa.

Kiingereza changu ni cha ndoo na sabuni, lakini maneno kama mimi na wewe na samahani na vunja, hayo nayajua, hayo ndiyo maneno ya kwanza anayojifunza mfanyakazi wa ndani. Ulisema ni wewe. Ulisema ulikuwa unanisaidia, ukatoboa, ukataka kutengeneza kabla sijajua. Ulisema mama hajui kitu. Nilisikia neno kwa neno. Na nilisimama pale nimeshika mkoba wangu kwa mikono miwili, uso wangu nimeufanya kama wa mtu anayengoja kutafsiriwa.

Ulipogeuka ukanitafsiria, ulinidanganya kwa upole. Ulisema, "Nimemwambia hatujui, amesema basi." Nami nikasema alhamdulillahi.

Kwenye teksi ya kurudi, tulipopita robot, zile taa za kuingia barabara kuu, uliniuliza bila kunitazama, "Mama, uliyaelewa tuliyosema na Madamu?" Nikajibu, "Nitaelewa wapi, Kiingereza kinanipita." Hapo ukanitazama. Ulinitazama kama unasoma kibao. Halafu ukasema, "Haina neno, mama."

Miaka mitatu sasa nimejidanganya kwamba hukujua. Mara nyingine usiku, mara nyingine mchana nikichambua mboga, najiuliza, alijua au hakujua? Lakini mtu akitaka kujua, aangalie tu jinsi ulivyobadilika. Tangu siku ile hukuniiga tena. Nikiinua kidole kisicho chenyewe kwa teksi, unanishusha mkono polepole, unainua chenyewe, unasema, "Ni hivi, mama." Nikikosea unasema haina neno. Nikikufokea unasema samahani. Umekuwa mpole kwangu kama mgeni aliyelala kwa watu, anayetandika kitanda kabla wenyewe hawajaamka. Watu wananiambia, Mama Riziki, una bahati, binti yako ana adabu. Mimi naitikia, na moyoni natamani unijibu vibaya hata mara moja.

Na hasara yako nilikuwa naiona. Jumatatu iliyofuata Madamu aliniambia, kwa aibu, anakunja na kukunjua taulo, kwamba bwana amesema Jumamosi nije peke yangu. Wewe nilikuambia nini? Nilikuambia kazi ya Jumamosi imepungua. Hukuuliza. Vile visanduku vya uzi ulivitia chini ya kitanda. Habari za karakana ya nguo za harusi hukuzitaja tena, na mwaka ulipogeuka ulikuwa pale stendi Isipingo na sinia la vitana na kamba za viatu, jua kichwani. Mimi napita asubuhi kwenda kazini, kwenye kazi yangu uliyoiokoa wewe, nakupungia mkono.

Kuna jambo jingine hulijui kabisa. Wiki moja baada ya hapo Madamu aliniita, akaniwekea mto wa kupigia magoti, akautoa ule mlango. Alitaka tuutengeneze pamoja, mimi na yeye. Alinipa sponji. Tukalowesha uji wangu wote, kila kijiti, taratibu. Mimi nikataka kuvuta. Akanishika mkono, akaonyesha saa ukutani. Tukakaa. Tukanywa chai. Baadaye karatasi ikatoka yenyewe, nzima, kama unamvua mtoto aliyelala nguo. Uji wake ulikuwa wa wali, ameusaga na kuuchuja mpaka ukawa mwepesi kama maziwa, anaupaka kwa brashi juu ya vijiti tu, safu nyembamba. Akakunjua karatasi kutoka juu kwenda chini, akakata pembeni kwa wembe. Nikaona bado imelegea kidogo, nikafurahi moyoni, nikasema hata yeye imemshinda. Akanionyesha tena saa. Gundi ilipokauka ndipo akachukua chupa ya kunyunyizia, ile ninayopigia pasi, akanyunyiza maji kama umande. Karatasi ikalegea zaidi, nikashika kichwa. Ilipokauka ikakaza, Riziki, ikakaza yenyewe kama ngoma, huwezi kuona mkunjo.

Akaupiga kwa ukucha, ukalia. Akacheka kwa furaha. Kisha akasema kwa kile Kiingereza chake kidogo, anachokikata vipande ili nikielewe, kwamba binti yako ni mtu mzuri, alisema kweli haraka. Alisema amemwambia mumewe hivyo, lakini mumewe ana moyo mgumu.

Tulikuwa wawili tu. Hapakuwa na bwana, hapakuwa na mtu wa kutafsiri wala wa kunihukumu. Mwenye mlango alikuwa anacheka. Neno lenyewe ulishanionyesha wewe linavyosemwa, na ni fupi. Nilikuwa na sponji mkononi, maji yananidondokea kwenye sketi.

Nikasema asante.

Mwaka jana walipohama kurudi kwao, Madamu aliniuliza, yule binti wa cherehani yuko wapi siku hizi? Nikasema hajambo. Alingoja kidogo kama mtu anayesubiri niendelee. Sikuendelea. Gari likaja.

Sikuandikii haya ili unihurumie. Nakuonya usinihurumie, maana kunihurumia ndiyo kazi uliyoifanya miaka mitatu. Nataka kukuambia nilichokiona mimi kwa macho yangu. Uoga wangu haukuwa wa njaa. Ningefukuzwa tungekula kwa Mama Odile mwezi mmoja, tungepata kwingine, tumewahi kuvuka mabaya zaidi. Uoga wangu ulikuwa wa kuonekana mjinga. Mwanamke wa darasa la tatu, aliyeupaka mlango wa watu uji. Nilitaka Madamu aendelee kuniona mama mwenye akili. Nikamwacha mwanangu aonekane mharibifu ili mimi nionekane mwenye akili, na Madamu akatoka pale ananiheshimu, na wewe ukatoka pale huna cherehani.

Na wewe, mwanangu, una ugonjwa wako pia, nao umeupata kwangu. Ukiona mtu mkubwa ameaibika unakimbilia kusimama mbele yake. Huko unakokwenda kushona mapazia, katika karakana yenye wanawake ishirini, yatakatwa vibaya mapazia. Atatokea mtu atakuangalia kwa macho yale yale niliyokuangalia mimi. Mimi sijui la kukuambia ufanye. Ningekuambia usimame kando, lakini najua moyo wako. Nakuambia tu kwamba yule unayemkinga hatakushukuru. Atakuogopa. Mimi nimekuogopa miaka mitatu, mtoto wangu wa kuzaa. Ukiingia chumbani nanyanyuka natafuta kazi ya kufanya.

Kazi hii ya Cape Town umeitafuta mwenyewe. Ulijifunza kwenye ile cherehani mbovu ya Mama Odile, ya mkono, inayoruka mishono, na ukashona mpaka watu wa kanisa lake walioko huko wakasikia habari zako. Hakuna aliyekushika mkono. Nilipokuona unaonyesha ile barua ya kukubaliwa, baba yako anaruka, mimi niliingia uani. Ulifikiri nalia kwa sababu unaondoka. Ni kweli pia.

Nakukosa. Hujaondoka bado, nasikia hata sasa sauti ya Mwajuma inakuja barabarani, maana yake mnarudi, lakini mimi nimekukosa kwa muda mrefu. Wewe wa kukaa chini kwenye vumbi kunicheka. Kesho basi likiondoka, watu watanishika mkono watasema pole, mtoto anakwenda mbali. Sitawaambia kwamba mbali ulikwenda zamani, tukiwa tunakula sahani moja.

Nimeongea na baba yako. Jana nimemweleza yote, ndiyo maana leo anafunga kamba bila kusema. Hakunipiga wala hakunifariji. Aliuliza tu, "Na yeye umeshamwambia?" Nikasema namwandikia. Akasema, "Mwambie kwa mdomo." Nimejaribu tangu asubuhi. Nimekuja pale ulipokuwa unapiga pasi, nikasimama, ukaniuliza, mama unataka maji? Nikasema ndiyo. Nimekunywa bilauri tatu za maji leo.

Ukishasoma, usinipigie kwenye simu ya kontena pale kona. Pale foleni yote inasikiliza, nami nitatengeneza sauti, nitakuuliza umekula nini, nitakuwa mwoga tena. Niandikie, kwa anwani ile ile ya duka tunakopokelea barua za nyumbani. Na ninakuomba jambo moja. Usiniandikie haina neno, mama. Hilo umenipa la kutosha. Niandikie ulivyokasirika. Niandikie ulichofikiri kwenye teksi uliponitazama. Kama ulijua, niambie ulijua. Kama kuna tusi ulilimeza, liandike, mimi nitalisoma. Nitasoma mwenyewe, herufi moja moja, hata ikinichukua wiki, sitampa mtu anisomee.

Jibu upesi, Riziki. Hata mistari miwili, hata mikali.

Mimi mama yako,
Zuhura